Wembe, Msoma Prufu Aliyeanzia Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mama aliyetutoka wiki iliyopita. Kazini walimwita Wembe. Alikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji. Nasema tena, msoma prufu. Kazi yake ilikuwa kuwinda makosa katika sentensi za Kiingereza kabla hazijaingia mashineni.

Kutulia hakukujua. Alisoma amesimama, mguu ukigongagonga sakafu, kalamu nyekundu mkononi. Kitenzi kikigombana na mtendaji wake, alikiona. Wakati uliopita ukijipenyeza kwenye uliopo, aliutoa. Mdogo wake wa kiume bado anacheka: "Dada alisahihisha mpaka kadi yangu ya harusi. Watu wameshapokea, wameshanunua nguo, yeye anahangaika na koma."

Alikuwa na mbinu yake. Alianza na sentensi ya mwisho, akapanda moja moja hadi ya kwanza. "Ukifuata maana," aliwaambia wageni wa kazi, "itakushika mkono ikupitishe juu ya kosa." Basi maana aliiacha mlangoni. Mbinu hiyo ndiyo iliyompa riziki ya kumlea mtoto wake wa pekee, binti, mpaka akaolewa mji mwingine.

Mama na binti waliandikiana kwa Kiingereza. Ndivyo walivyozoeana. Mchana mmoja, kazi zimembana, ujumbe wa binti ukaingia kwenye simu. Wembe akausoma kama alivyosoma kila kitu, kutoka chini. Makosa yalikuwa tele. Akausahihisha, akaurudisha, akageukia kazi zake.

Wasikilizaji wapendwa, ujumbe ule ulisema mimba ya binti imeharibika.

Jioni mdogo wake akapiga simu. "Dada, pole kwa yaliyompata mwanao."

"Pole ya nini?"

Akaufungua tena ujumbe, safari hii akaanzia juu. Akampigia binti. Hakupokea. Akampigia tena. Hakupokea. Tangu hapo hakukalika. Aliosha vikombe visivyo na uchafu. Alifungua mlango, akaufunga. Aliandika maneno ya kuomba radhi, akajikuta anayasahihisha, akayafuta yote kwa hasira. Kulipokucha akafunga safari, hata kazini hakuaga.

Binti yake ametusimulia mwenyewe: "Nilifungua mlango nimefura. Nikamwambia, mama, umekuja kusahihisha nini tena? Akakaa chini. Mama yangu, akakaa kitako. Akasema, mwanangu, nisomee wewe, mimi macho yangu siyaamini. Nikamsomea, na makosa yangu yote. Nilipomaliza akasema, rudia. Nikarudia. Sauti ikanikatika katikati, akanivuta kifuani. Hakugusa hata neno moja."

Alikaa kwa binti yake mpaka binti alipopata nguvu. Kiwandani alirudi, na makali yake hayakupungua hata kidogo. Ila ujumbe wa binti hakuujibu tena kwa maandishi. Alipiga simu, akauliza, akasikiliza. Inauma kwamba ilibidi waumizane kwanza.

Kwa binti, kwa mdogo wake na kwa wenzake wa kiwandani, poleni sana. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Kuna mtu wako amekuandikia leo, nawe umeshamjibu harakaharaka. Je, unajua ana nini?