Bi. Meleane Lolohea, Aliyewachagulia Vijana Vitabu vya Mapenzi

Wachungaji, wazee wa kijiji, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia mimi Lavinia, binti wa kaka wa marehemu, naomba mnivumilie nisome safari ya shangazi yangu, na sauti ikikatika mniwie radhi.

Bi. Meleane alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Holonga, kisiwani Vava'u, akafuatiwa na baba yangu, Mzee Semisi, na kama ilivyo kwetu, kaka na dada wakishakua hawalali nyumba moja wala hawasikilizani habari za mapenzi, basi hao wawili walipendana kwa mbali, kwa adabu, maisha yao yote.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1957, sekondari Neiafu hadi 1968, akahitimu ualimu Nuku'alofa mwaka 1971, na Januari 1978 akakabidhiwa maktaba ya shule yetu ya sekondari. Wiki ya kwanza tu, kwa shauku, akasimama mbele ya kidato cha nne akawasomea riwaya ya mapenzi aliyotaka kuwapendekezea, akasahau kwamba kwetu binamu naye huhesabiwa kaka au dada, na darasa lile lilikuwa ndugu watupu, alipofika kwenye busu wavulana wakarukia nje kupitia dirishani mmoja baada ya mwingine, hata mwalimu mkuu akamwambia, "Mama, siku moja tu umeshanikimbizia darasa!"

Hakukata tamaa. Aliweka Jumanne ya wasichana na Alhamisi ya wavulana, akafunika majalada yote kwa vipande vya ngatu, lile gome tunalolipondaponda kuwa nguo, isijulikane nani anasoma nini, akakariri koo za kisiwa kizima ili kitabu kimoja kisimfikie kaka na dada yake. Alimtazama mtoto usoni kwanza, ndipo akamwambia msichana, "Wewe mama leo unataka kulia, chukua hiki, leso unayo?", na kwa mvulana akasema, "Usijifanye jiwe hapa, hiki kinakufaa," ila hakumpa mtoto kitabu ambacho mwisho wake yeye mwenyewe hajausoma. Hata alipostaafu mwaka 2011 aliendelea kujitolea.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na Bw. Filipe Lolohea, aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa binti mmoja, Sela, aliyewasili juzi kutoka Auckland.

Kisukari kilimsumbua miaka mingi, na Mei 2023 kikamzima macho akiwa katikati ya riwaya mpya, aliyokuwa amemwekea msichana wa kidato cha tatu aliyefiwa na mama yake. Shangazi alisononeka sana, wala si kwa ajili ya macho, bali kwa yule mtoto anayengoja. Sela alikuwa mbali, mimi nilikuwa kazini Nuku'alofa, akabaki baba, ambaye kwa miaka arobaini na mitano hakuwahi kukanyaga maktaba ile.

Majirani ndio mashahidi, baba alileta kiti barazani, ukuta ukiwa kati yao, akatazama barabarani, akaanza kuisoma riwaya ile kwa sauti kana kwamba anamsomea mbwa. Kila penye mapenzi aliruka, na kila aliporuka shangazi alikohoa huko ndani, baba akarudi nyuma akasoma harakaharaka, masikio yakimwaka moto. Siku ya kumi na moja, tarehe 2 Juni, alifika ukurasa wa mwisho, na busu la pale hakuliruka, alilisoma taratibu, neno kwa neno, wala hakuna aliyekohoa. Kisha sauti ikatoka ndani, "Mpelekeeni mtoto. Kinamfaa."

Tarehe 5 Juni 2023, saa nne asubuhi, shangazi alifariki dunia hospitalini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomfulia na kumpikia, na walimu wenzake mliobeba jeneza. Baba, kama desturi inavyomtaka kaka wa marehemu, yuko nyuma ya kanisa kwenye tanuri la kuchimbwa ardhini, anageuza viazi vikuu, hanisikii, ndiyo maana nimeweza kuyasema haya.

Shangazi, msichana wako yuko hapa, safu ya tatu, kitabu amekipakata. Lala kwa amani, mwisho wake uliusikia.