Koplo Lokhande Anastaafu, Ubao Wake Unabaki Kazini

Baada ya miaka thelathini na minne ya kusimama juani, Koplo Vasantrao Lokhande wa polisi wa trafiki anastaafu tarehe 31 Mei. Siku hiyohiyo wanastaafu wenzetu wengine wanne, kwa kuwa walimu wakuu wa enzi zile waliwaandikisha watoto wote kuwa wamezaliwa tarehe mosi Juni, na umri wa kustaafu huhesabiwa kutoka hapo. Shali na nazi za kuwaaga zimeshanunuliwa, tano tano.

Miaka ishirini ya mwisho aliitumikia kwenye makutano ya Bhavanipeth, mbele ya zahanati ya mifupa. Kituo cha basi kilikuwapo pale siku zote. Kilichokosekana ni basi lenye nia ya kusimama. Namba 41 lilikuwa likipunguza mwendo tu, na wagonjwa wenye magongo wakitarajiwa kurukia. Lokhande akaingia katikati ya barabara, akanyoosha mkono, basi likasimama. Kesho yake akarudia. Hivyo ndivyo usafiri wa umma ulivyoboreshwa katika eneo letu.

Baadaye zilikuja taa za kisasa zenye kamera, na ripoti ya mwaka ikazipongeza kwa kazi hiyo. Wakati huo taa zilikuwa bado hazijaunganishwa umeme. Lokhande aliisoma ripoti, akacheka mpaka chai ikampalia.

Jambo moja tu lilimkosesha raha: nani atalisimamisha basi akishaondoka? Mkewe, Sushila, hutibiwa goti kwenye zahanati hiyo kila Jumatatu. Lokhande aliandika barua nane kuomba askari wa kushika nafasi yake. Wakubwa, ambao kwa kujali hawajambo, wakamletea ubao wa kusimamishwa pale kituoni, wenye picha yake mwenyewe akiwa na sare, kimo kilekile, kitambi kimepunguzwa. Tulimtania wiki nzima. Yeye aliumia, na hakuficha.

"Jamani, miaka yote hii, kumbe ulitosha ubao?"

Jumatatu iliyopita, akiwa kwenye likizo yake ya mwisho, alimsindikiza Sushila akiwa amevaa shati la kawaida. Mimi nilikuwa nikipita palepale nikielekea zamu yangu kwingine. Walipotoka zahanati, namba 41 likaja mbio. Lokhande, kwa mazoea, akanyoosha mkono. Dereva hata hakumtazama. Ikabidi aruke pembeni, na hapo ubao uliokuwa nyuma yake ukaonekana. Breki zililia mtaa mzima.

Kondakta akatoa kichwa mlangoni. "Mzee wangu, nawe unasimama mbele ya askari? Ungetuponza, ujue!"

Sushila alipanda taratibu, ngazi moja baada ya nyingine, na dereva alimngoja kwa adabu, macho yote kwenye ubao. Lokhande alipanda wa mwisho. Alikuwa akicheka, na machozi yakimtoka.

Koplo, asante kwa mkono wako, tutaukosa sana. Tunakutakia afya, mapumziko marefu na goti jema kwa shemeji yetu. Na ukiwa kituoni, tafadhali, simama pembeni kidogo, madereva wamwone askari.