Bakuli la Verlene Halikurudi

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, punguzeni moto jikoni. Leo tunamkumbuka mtu aliyechukia kusemwa akiwa hayupo. Verlene Stokes, msusi wetu wa Bellgrove, hapa Mississippi. Tumemzika Jumamosi. Na mimi najua, angesikia kipindi hiki angeuliza: "Nani kawatuma, na anapata nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, Verlene alifumba moja.

Saluni yake haikukaukiwa watu. Kila habari ya mji ilipita chini ya mikono yake, ikaoshwa, ikakaushwa, ikatoka na mtindo mpya. Lakini nyumbani alikuwa na jambo moja lisilo na mzaha: mdogo wake, Ozella. Ozella ana sukari. Mguu mmoja umeshakwenda. Bila insulini, Ozella hamalizi wiki. Shikeni hilo, wasikilizaji: bila insulini, Ozella hamalizi wiki.

Insulini hiyo Ozella aliichukua kwa Hollis Crenshaw, mfamasia wetu, kwa bei ya punguzo, ile ambayo viwanda vya dawa huziuzia kliniki na hospitali za watu wa kipato kidogo. Kliniki ya hapa haina duka lake la dawa, ndiyo maana ilikuwa imeandikiana mkataba na Hollis. Basi msimu mmoja wa machipuko, Hollis akasimama nyuma ya kaunta, kainama kama mtu aliyevunja kioo cha kanisa.

"Dada Verlene, bei ya punguzo imefungwa kwangu. Kiwanda kinasema dawa ya punguzo itatoka kliniki kuu tu, kule mjini."

"Mjini mwendo wa saa mbili?"

"Ndiyo, dada."

"Na Ozella aende kwa mguu upi?"

Hollis akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa. Na mtu anayekwepa swali, kwa Verlene, ana siri.

Mwezi huohuo Hollis akanunua gari kubwa jipya la abiria. Mungu wangu! Saluni iliwaka moto.

"Punguzo limetoweka, gari limeota," Verlene alisema, huku akimvuta mteja nywele hadi macho yakamtoka. "Mimi sisemi kitu. Nasema tu."

"Lakini Hollis ni shemasi," mteja akamtetea.

"Na Yuda alikuwa nani, mpiga kinanda?"

Kisha mke wa Hollis akafariki. Na hapa, wasikilizaji, ninyi wa Bellgrove mnajua. Kwenye msiba hapa kwetu unapeleka chakula ndani ya bakuli lako la kioo, jina lako limebandikwa chini. Bakuli hilo halirudi tupu. Mfiwa analijaza chochote, analileta mlangoni kwako, mnakaa, mnaongea. Ndivyo tunavyoanza tena kuishi. Verlene yeye alipeleka makaroni ya jibini ndani ya trei ya foili. Ya kutupa. Maana yake mji mzima uliisoma: kula, ila mlangoni kwangu usije.

Gari lile likaanza kwenda mjini kila Ijumaa, limejaa wagonjwa. Hollis mwenyewe ndiye dereva. Anawapeleka wateja wake kwenye dirisha la dawa la wengine! Shaka ya Verlene ikanenepa.

"Mtu hachomi duka lake bure," alisema. "Anakula kamisheni huko."

Ozella akapanda gari hilo, dada yake akipinga. Ananiambia: "Nilimwambia dada yangu, wewe baki na shaka zako, mimi nabaki na mguu wangu."

Verlene akafunga saluni, akawafuata na gari lake, kavaa miwani myeusi na kitambaa, kana kwamba yupo mtu Mississippi asiyelijua gari lake. Kule mjini alimkuta Hollis kwenye foleni anasukuma kiti cha Ozella. Hakuna bahasha. Hakuna kamisheni. Kuna mjane mwanamume anamfungulia Ozella mfuko wa karanga za kuchemsha.

"Bado sijaridhika," Verlene akasema. Lakini njia nzima ya kurudi, miwani ile hakuivaa tena.

Ndipo ukaja mswada kwenye bunge la jimbo letu, kule Jackson: kiwanda kisikatae kuuza dawa ya punguzo kupitia maduka yenye mkataba na kliniki. Verlene alikwenda kusema mbele ya kamati. Mwanasheria wa viwanda alidai punguzo halimfikii mgonjwa, linaliwa njiani.

"Mwanangu," Verlene akamjibu, "kama halikumfikia, mbona mlipolikata aliyelia ni mdogo wangu?"

Wakubwa wa hospitali, waliokuja kuutetea mswada, wakacheka. Akawageukia.

"Na ninyi msicheke. Hilo punguzo likiingia kwenu, linatokea mlango upi? Nauliza tu."

Mwenyekiti akaita shahidi mwingine. Hadi leo, wasikilizaji, sijasikia jibu lililonyooka kutoka upande wowote.

Sheria ikapita. Verlene hakushangilia. "Karatasi haishushi sukari," alisema. Alimsukuma Ozella mpaka kaunta ya Hollis, akasubiri mpaka insulini ilipokuwa mkononi mwa mdogo wake, kwa bei ya zamani. Akaishika, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga. Kisha akamsukuma Ozella kurudi nyumbani.

Jioni alirudi kwa Hollis na makaroni. Ndani ya bakuli la kioo. Jina chini.

Bakuli hilo halikurudi. Mwaka ukapita, halikurudi. "Mnaona?" Verlene aliwaambia wateja. "Niliwaambia huyu anachukua vitu vya watu." Lakini alisema akicheka, na hakwenda kulidai.

Jumamosi, baada ya mazishi, Hollis aliingia nyumbani kwa Ozella na bakuli. Limejaa makaroni yaliyoungua pembeni na mabichi katikati. "Sijui kupika," alisema. "Na tupu nisingeweza. Kila nilichojaribu kilikuwa aibu."

Ozella akaonja. Akafumba jicho moja.

"Dada angesema umekosea makusudi," akamwambia. "Kaa chini, Hollis."

Pole sana, Ozella. Poleni wana Stokes na saluni nzima. Nanyi wasikilizaji wapendwa, sheria ipo, ila viwanda bado viko mahakamani kuipinga, na dirisha lililofunguliwa linaweza kufungwa. Ulizeni, kama alivyouliza yeye. Na baada ya kuuliza, tazameni kabatini. Huenda kuna bakuli la mtu.