Nyumba Zilizokosa Mbuzi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Idrisa Mgimba wa Nyololo, fundi baiskeli, aliyefariki mwezi Mei. Shule aliishia darasa la nne. Kupima mambo alijifunza mwenyewe.

Miaka sita iliyopita, waumini wa msikiti wake walichanga sadaka wakanunua mbuzi kumi wa maziwa. Mbuzi hao walikuwa wa kugawiwa kaya maskini, za Waislamu na za Wakristo. Hawakutosha, ikapigwa kura. Bertha alipata. Jirani yake, Lusia, alikosa.

Kila Juni Mzee Idrisa alipita akiuliza: jana mmekula nini? Watoto wako shule? Aliwauliza waliopewa. Akawauliza na waliokosa, ili aone tofauti. Narudia: na waliokosa.

"Baba Hidaya," Lusia alimwambia, "unanipima mimi, nguo unamshonea Bertha!"

Mzee akacheka. "Vumilia, mama. Bila wewe sitajua mbuzi kasaidia nini."

"Basi nipe mimi, ukampime yeye!"

Mwaka wa tatu Lusia alibadilisha majibu. Jana? Nyama na maziwa. Watoto? Wote shuleni. Kumbe alishawashawishi na wenzake waliokosa. Kamati ya msikiti ikaona waliokosa wanakula vizuri kuliko waliopewa. Ikasema: mbuzi hawana faida, tusitoe tena.

Mzee alirudi kwa Lusia. Jiko lilikuwa baridi. Hakumlaumu. Aliketi kando ya jiko mpaka Lusia mwenyewe akasema.

"Nilitaka mbuzi wa Bertha aonekane bure. Hata akipiga chafya yule mbuzi, mimi nasikia."

Mzee akaiambia kamati, "Kosa ni langu. Nilipima maziwa, sikupima wivu." Mbuzi wakaendelea kutolewa. Waliozaliwa wakapewa waliokosa. Lusia akapata mtoto wa mbuzi wa Bertha.

Juni hii Hidaya, binti wa marehemu, alitoka Mbeya na daftari la baba yake. Anasema alimkuta Lusia amefagia uwanja, anasubiri.

"Umeshapita kwa Bertha?"

"Bado, mama. Nimeanza na wewe."

"Ehee! Basi andika. Jana ugali na maziwa. Na mwaka huu ni kweli, chungulia sufuria."

Pole nyingi kwa Hidaya, ndugu zake na waumini wa Nyololo. Nasi tuliotoa chochote mwaka huu, tujiulize: tumerudi kuangalia? Na kwa yule jirani aliyekosa, tumepiga hodi?