Mwezi Mzima Bila Karatasi

Benchi la nje ya duka la donati la Sukari lina miguu mitatu na tofali, na kila asubuhi linabeba makalio yale yale. Kuna Posta, aliyesambaza barua mji huu miaka thelathini na moja na mpaka leo anajua nani kahama bila kuaga. Kuna Trekta, fundi mstaafu, anayejua methali zote na hajui hata moja inatumika wapi. Sukari mwenyewe, Mkambodia, hutoka na birika la kahawa kila akichoka kukaanga. Mimi wananiita Jibini, maana nimekamua ng'ombe wa bonde hili la California tangu nilipotoka visiwa vya Azori, kule Ureno, na elimu yangu ya darasa la nne. Jumanne ile Posta alifika na uso wa mtu aliyeng'atwa na mbwa wa mteja.

— Mwalimu anakuja saa nne, akasema. Anakuja hapa hapa. Na sina hata karatasi moja.

Hatukuhitaji kuuliza ni mwalimu gani. Posta anamlea mjukuu wake Noelia, ana miaka kumi. Kule shule kubwa mtoto alikuwa akitapika kila asubuhi kabla ya basi kufika, mpaka mwezi uliopita babu yake alipomwandikisha shule ya umma ya mkataba, zile ambazo mtoto husomea nyumbani kwa mwendo wake. Mwalimu huja mara moja kwa mwezi kumwona na kuchukua kazi iliyoandikwa na mtoto. Kazi isipokuwepo, siku zote zinahesabiwa mtoto hakusoma, nafasi inakwenda, na Noelia anarudi kwenye basi.

— Kwani mwezi mzima hajasoma? nikamwuliza.

— Amesoma! Si Trekta huyu kamfundisha hesabu za sehemu?

— Na zimemwingia, akasema Trekta. Mwulize spana ipi kubwa, ya nusu inchi au ya tisa juu ya kumi na sita. Wala hafikiri, anakupa spana mkononi.

— Wewe Jibini ukamfundisha jibini.

— Joto la maziwa, uzito wa chumvi, siku za kuiva. Hiyo ni sayansi, usinitazame hivyo.

— Na mimi nimempitisha njia yangu yote ya barua, mtaa kwa mtaa. Ramani anaichora kwa kidole, hewani. Haya, niambieni sasa. Mwalimu atabeba spana? Atabeba hewa?

Wazee watatu, mwezi mzima, na hakuna aliyekumbuka kumpa mtoto penseli.

— Usihofu, ndugu yangu, akasema Trekta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nani ainame, na mvungu uko wapi? nikamwambia. Kunywa kahawa yako.

— Ninachosema ni kwamba karatasi zile hazisomwi. Zinapelekwa Sacramento, kwa serikali ya jimbo, kuna chumba, kuna mzani. Wanapima uzito tu. Mtoto mwenye karatasi nyepesi, kwaheri.

— Mzani? Posta akashtuka. Nani kakwambia?

— Mimi nimefunga mizani ya lozi miaka ishirini, unaniuliza nani kaniambia?

Sukari akatoka na birika, akasikia nusu ya maneno, na nusu ilimtosha.

— Wananusa, akasema. Binamu yangu wanawe wanasoma hivyo hivyo. Kazi ya nyumbani isiyonuka mafuta ya jikoni, wanajua haikufanywa nyumbani. Leteni karatasi, nizipitishe juu ya karai.

— Na manyoya ya mbwa, akasema Trekta. Mbili tatu, zisizidi.

— Noelia hana mbwa, mzee wewe! akasema Posta.

— Ndiyo maana nasema zisizidi.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Mtoto alikuwa ndani, anamsaidia mke wa Sukari kukunja maboksi ya donati ya rangi ya waridi. Posta alimchungulia kupitia kioo, akanong'ona:

— Basi tumwandikie sisi. Mwezi huu tu.

Sikusema sawa, ila kalamu niliichukua. Trekta aliandika sehemu, kila tarakimu imelala kama imegongwa na gari. Posta aliandika juu ya mitaa, herufi kubwa tupu, na pale juu kwenye kona akaweka jina na anwani ya mtumaji. Mimi niliandika jibini kwa mwandiko ambao masista wa kisiwani walininyima usingizi mpaka nikaujua, wenye mikia na vitanzi. Nchi hii hakuna aliye chini ya miaka sabini anayeandika hivyo.

— Mtoto ana miandiko mitatu, nikasema.

— Anakua, akasema Trekta. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Methali hii, kwa bahati mbaya, aliipatia.

Sukari alikuwa bado anazipepea karatasi juu ya karai la mafuta, gari dogo la kijivu liliposimama mlangoni. Bi Pahoua, mwalimu mwenyewe, kawahi dakika kumi. Mwanamke mfupi, mpole, na mpole wa namna ile ndiye wa kuogopa. Alitusalimu mmoja mmoja, akapokea zile karatasi tatu, akazitazama. Hakuzipima, wala hakuzinusa, ingawa harufu ilimfikia bila kuombwa.

— Mzee, akamwambia Posta, Noelia anaandika kwa mkono gani?

Posta akafungua mdomo.

— Wa kulia, akasema Trekta.

— Wa kushoto, akasema Sukari, donati hushika kwa kushoto.

— Spana hunipa kwa kulia!

Mwalimu hakuwatazama. Alimngoja Posta. Na Posta, anayejua kila sanduku la barua mji huu linafungukia upande gani, akaangalia viatu vyake.

— Sijui, mwanangu, akasema. Sijamwona akiandika tangu tumtoe kule shule.

— Nimwite?

— Mwite.

Noelia akaja na unga kwenye nyusi. Mwalimu akasogeza vikombe, akaweka karatasi nyeupe kwenye benchi, akaweka penseli katikati, ncha haikuelekea kulia wala kushoto. Mtoto akapiga magoti chini.

— Niandike nini?

— Chochote ulichojifunza mwezi huu.

— Chochote?

— Chochote.

Mtoto akatugeukia, mmoja baada ya mwingine, akatutazama kwa namna ambayo mimi sikuipenda.

— Ile ya kuchezea mita ya umeme usiandike, akasema Trekta haraka.

Noelia akaichukua penseli kwa mkono wa kushoto. Babu yake aliukodolea macho mkono ule kama umeletwa sasa hivi. Mtoto akaandika, polepole mwanzo, ulimi nje. Kahawa ikapoa, hakuna aliyeigusa. Alipofika chini ya ukurasa hakumwuliza mtu. Aliigeuza karatasi, akaendelea nyuma.