Rispah Nasambu Khaemba na Ubao wa Nauli wa Kitale

Marehemu Rispah Nasambu Khaemba, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Derrick, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, nje kidogo ya mji wa Malakisi, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa hayati Mzee Zakayo Namisi, mkulima wa tumbaku, na Mama Rahab Nanjala, ambaye tuko naye hapa mbele.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1976 huko huko Malakisi, akafanya mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi mwaka wa 1982, kisha akaendelea na sekondari hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka wa 1986. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini alipenda hesabu, na alikuwa na tabia ya kurudia jibu mara mbili kabla ya kulikubali. Mwaka uliofuata alisomea upigaji chapa mjini Bungoma.

Tarehe 3 Aprili 1989 aliajiriwa Kitale kukata tiketi katika kampuni ya mabasi, akafanya kazi hiyo hadi mwaka wa 1998, wakati nissan, matatu za watu kumi na wanne, zilipojaa barabarani na kampuni ikafunga. Kwa miaka kumi na mitatu aliuza nguo sokoni, mpaka wenye nissan za Kitale na Bungoma walipounda Sacco yao, yaani chama chao cha ushirika, mwaka wa 2011 na kumwita arudi kwenye dirisha la tiketi.

Alifunga ndoa na Mwalimu Matthew Khaemba tarehe 14 Desemba 1991, wakajenga Kiminini, hapa tulipo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Derrick, Phelista na Protus, na wajukuu wanne.

Mwaka wa 2019 wanachama wa Sacco waliamua kuuza nissan zao na kununua mabasi ya abiria thelathini na watatu kwa mkopo wa benki, na basi la kwanza liliingia Kitale Jumatatu tarehe 2 Septemba, likiwa na viti vya kitambaa na mahali pa kuchaji simu. Pamoja na basi ilikuja sheria mpya, kwamba kila anayepanda Kitale alipe nauli ya kufika Bungoma, hata kama anashuka hapa Kiminini, kwa sababu kiti kikibaki wazi njiani hasara ni ya mwenye gari. Ni Rispah aliyewaeleza abiria sheria hiyo, na familia haitaficha kwamba aliitetea kwa miezi minne, na baadhi ya waliogombana naye dirishani huenda wamekuja kumzika leo.

Tarehe 6 Januari 2020, siku ya kufungua shule, nauli ilipandishwa tena, na mama mmoja kutoka Kachibora alifika dirishani na binti yake aliyekuwa akirudi shuleni Kamukuywa, akiwa na shilingi mia mbili, ambazo zingetosha zamani. Rispah aliwaambia watoke kwenye foleni ili wengine wahudumiwe, wakatoka bila kubishana. Jioni, akirudi nyumbani kwa basi la kazini, aliwaona karibu na Kiminini, wameketi juu ya sanduku la bati kando ya lami, binti amevua viatu. Alimwomba dereva, Bwana Sufian, asimame, lakini basi lilikuwa limechelewa, kwa hivyo alishuka stendi na kurudi kwa miguu kuwachukua, wakalala kwake, na asubuhi Mwalimu akawatafutia pikipiki. Mwalimu anakumbuka kwamba mke wake hakula siku hiyo, na alisema jambo moja tu, "Si ni mimi niliwatoa kwa foleni."

Wiki hiyo alimkodi Kipchoge, mwendesha bodaboda wa hapa kwetu, wakazunguka siku mbili kutoka Kitale hadi Bungoma, wakisimama kila kituo, yeye akisoma mita ya pikipiki na kuandika kilomita, kisha akapeleka karatasi kwa mwenyekiti wa Sacco, Bwana Muhdhar, mwenye duka la vipuri karibu na msikiti mjini Kitale. Alitaka kila mtu alipe mwendo anaokwenda.

Bwana Muhdhar, ambaye ametupa ruhusa tuyaseme haya, alimjibu, "Mama Derrick, benki haitaki kilomita, benki inataka pesa mwisho wa mwezi."

"Na watu wa Kiminini wamehamia teksi za Probox, Mwenyekiti," Rispah akamwambia, "hata wa Kamukuywa. Viti vinatoka hapa wazi. Hivyo navyo vinalipa benki gani?"

Alikataa kukata tiketi kwa sheria ile, na tarehe 10 Februari 2020 akasimamishwa kazi. Alikaa nyumbani miezi ishirini na mmoja, ugonjwa wa korona ukapita katikati, akawa anauza miche ya sukuma wiki, wala hakwenda stendi kumlaumu mtu.

Mnamo Novemba 2021 Bwana Muhdhar alikuja hapa nyumbani, akanywa chai, kisha akasema, "Tulikukosea, mama. Basi linatoka na watu kumi na wawili." Rispah hakuonyesha furaha, aliuliza tu kama nauli zitaandikwa kwa rangi kwenye mbao, kwa sababu karatasi mtu anaibandua.

Ubao wa nauli za kila kituo uliwekwa Kitale na Bungoma tarehe 1 Februari 2022, na Rispah akarudi dirishani. Hakupata yote aliyoomba, maana nauli za siku za kufungua shule bado hupanda, na Bwana Ngige, mmoja wa wanachama, aliondoa basi lake kwenye Sacco kwa sababu hiyo. Yeye mwenyewe pia alikubali kwamba gari la Kapsokwony linakula mafuta mlimani, akaiandikia njia hiyo bei yake. Lakini wa Kiminini alilipa nauli ya Kiminini, na mabasi yakaanza kujaa.

Mwezi Agosti 2023 figo zake zilianza kushindwa, ikabidi asafiri mara mbili kwa wiki kwenda kusafishwa damu Bungoma. Bwana Muhdhar aliagiza asitozwe nauli, yeye akakataa, akimwambia Aaliyah, binti aliyechukua nafasi yake dirishani, "Nikienda bure, yule wa nyuma yangu atauliza yeye kwa nini alipe." Alisafiri hivyo hadi tarehe 6 Mei 2025, alipolazwa, na Ijumaa tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na Phelista kando yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi wiki hii yote, walimu wenza wa Mwalimu Khaemba, pamoja na madereva, makondakta na uongozi wa Sacco, ambao leo wamesimamisha magari hadi saa nane ili waje kumsindikiza.

Mama Derrick, safari yako imefika, sasa pumzika kwa amani.