Mama Vivian wa Junda, Mwalimu wa Kulisha Watoto

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Junda, na wageni mliovuka feri tangu alfajiri, poleni na asanteni kwa kufika, na kabla hatujamsindikiza dada yetu nyumbani Kaloleni, familia inawaomba mtulie kidogo tuwasimulie alivyoishi.

Marehemu Janice Kahaso Thoya, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vivian, alizaliwa tarehe 19 Mei 1980 huko Kaloleni, kifungua mimba wa mzee Phineas Thoya na marehemu mama Agneta, akasoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1998, na mwaka 2000 akaajiriwa kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja ya Shelly Beach, Likoni, ambako wenzake wanakumbuka zaidi kicheko chake, kilichosikika hadi mapokezi. Tarehe 7 Desemba 2002 alifunga ndoa kanisani na shemeji yetu Lenox Changawa, dereva wa folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, huko Changamwe, wakahamia hapa Junda, na Mungu akawajalia watoto wawili, Vivian mwaka 2004 na Matthew mwaka 2010.

Matthew alizaliwa kwa uchungu mrefu na hakulia upesi, na alipofikisha mwaka shingo ikiwa bado haijakaza, madaktari walisema ana mtindio wa ubongo. Dada yetu aliacha kazi, na kwa muda mrefu kila mlo ulikuwa vita, mtoto anakakamaa, uji unamwagika, anapaliwa, na mama anajifungia jikoni alie ili Vivian asimwone. Aliyemtoa hapo ni Bwana Musyoka, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye alimwonyesha namna ya kumkalisha Matthew wima, kumwinamisha kidevu kidogo, kuleta kijiko kutoka mbele, na kumngoja ameze, na mtoto akaanza kunawiri hata majirani wakaona. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Bi Mwanatabu wa nyumba ya pili, aliyekuwa akilea mjukuu mwenye hali hiyo hiyo, wakafuata kina mama wa Ziwa la Ng'ombe na wa Changamwe, mpaka wakawa wengi kuliko alivyoweza kuwafikia, maana Matthew alikuwa ameshakuwa mzito na hapakuwa na wa kumwachia kila siku.

Mwaka 2022 Vivian, akiwa chuoni, alimletea programu ya simu inayomsaidia mtu asiye mwalimu wala fundi wa kompyuta kutengeneza kozi ya mtandaoni, unaieleza unachokijua, inakuuliza maswali, kisha inakupangia masomo. Ilipomuuliza mwanafunzi wake ataweza kufanya nini mwisho wa somo, aliiweka simu chini, akafikiri, akajibu, "Ataweza kumlisha mwanawe, kisha ale na yeye chakula chake kikiwa bado cha moto." Lakini hawakupatana upesi, kwa sababu programu ilimwandikia, "Mlezi ahakikishe mkao sahihi," naye akamwambia Vivian, "Bi Mwanatabu akisikia hivyo si atasimama wima kama askari?" na ilipopendekeza mtihani wenye alama, alikataa katakata, "Mama amehangaika na uji tangu asubuhi, leo nimpe tatu kwa kumi?" Badala ya mtihani, kila mama alisikiliza somo kwenye simu kwa sauti ya dada yetu mwenyewe, kisha akatuma ujumbe wa sauti kueleza mtoto amekulaje.

Ujumbe mmoja ulimvunja moyo. Programu ilikuwa imelifupisha somo la pili kwa kuwa lilikuwa refu, na pale pa kuinamisha kidevu pakaondoka, naye akalitoa bila kulisikiliza tena, na mama mmoja wa Likoni, Josephine, alimlisha mwanawe kichwa kikiwa kimelala nyuma, mtoto akapaliwa hadi akakimbizwa hospitali. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, lakini dada yetu aliifunga kozi yote siku hiyo hiyo, akamwacha Matthew kwa Bi Mwanatabu, akavuka hadi Likoni, akamwambia Josephine, "Somo ni langu, kosa ni langu," wakakaa pamoja wakamlisha yule mtoto polepole mpaka bakuli likaisha. Tangu hapo hakuna somo lililotoka kabla Bwana Musyoka hajalipitia na mama mmoja hajalijaribu dada yetu mwenyewe akimwangalia, na kozi ilipofunguliwa upya ilifika Kwale, Taita, hata Tanga.

Mwezi Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, akatibiwa hapa Mombasa, na alipoona nguvu zinamwisha alimwandikisha mumewe kwenye kozi kama mwanafunzi mwingine yeyote. Shemeji Lenox hatatukasirikia tukisema alikuwa mwanafunzi mgumu, alituma ujumbe wake wa sauti kutoka chumba cha pili, na jibu likarudi, "Baba Vivian, umeharakisha, rudia." Jumapili ya mwisho alilazwa kitandani pale sebuleni, akamtazama Lenox akimlisha Matthew uji tangu kijiko cha kwanza, akanyanyua mkono kana kwamba atamrekebisha, kisha akaushusha, akatabasamu, akasinzia. Alifariki Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Vivian.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, Bwana Musyoka, wenzake wa dobi, wafanyakazi wenza wa Lenox, na Bi Mwanatabu, ambaye tulipomshukuru jana alituambia, "Wallahi, msinishukuru, mimi nimefiwa." Na ninyi kina mama mliokuja na watoto wenu, ambao wengi wenu hamkuwahi kumwona ila kuisikia sauti yake kwenye simu, mlituuliza kama kozi itafungwa, na Vivian amesema haifungwi.

Dada Kahaso, kina mama wamekaa mstari wa mbele na watoto wao mapajani, ni saa ya kula, na wanawalisha bila haraka. Nenda salama, upumzike kwa amani.